Taroti na orakeli kwa kujitafakari kila siku: mwongozo kamili kwa anayeanza na kwa aliyeachia njiani

Walioachana na kadi zao za taroti, zile kadi 78 za picha zinazojulikana zaidi kwa kupigia ramli, wananisimulia jambo lilelile. Wiki ya kwanza walivuta kadi kila asubuhi kwa hamu. Wiki ya pili wakawa wanafungua kijitabu cha maana za kadi kinachokuja na pakiti, wanasoma mistari miwili, wanasema "haya," na kufunga pakiti. Wiki ya tatu pakiti imelala kwenye droo.

Watu hawa hawakosi bidii. Wanakwama mahali pawili, na karibu wote ni palepale: wanaiuliza kadi jambo ambalo picha haiwezi kulijua, halafu wanasoma maelezo kabla ya kuitazama picha yenyewe. Ukirekebisha hayo mawili, mengine yote yanakuja kwa mazoezi.

Niliweke wazi mapema: hapa hatupigi ramli. Kadi haijui kesho yako. Kazi yake ni kukuwekea mbele picha ambayo hukuichagua, ili uyatazame mambo yako kwa upande ambao usingeutazama kwa hiari. Na kama imani yako hairuhusu taroti, usijilazimishe. Kata picha 40 au 50 kwenye magazeti ya zamani, zitie kwenye bahasha, kisha fuata hatua ya 3 hadi ya 8, ukiiruka ya 7 ya kijitabu. Zinafanya kazi.

## Vitu vya kuandaa

- Pakiti moja ya taroti yenye kadi 78. Moja tu kwa sasa.
- Pakiti ya orakeli (kadi za picha zisizofuata mpangilio wa taroti), ukipenda. Si lazima mwezi wa kwanza.
- Daftari la karatasi na kalamu. Simu inakubalika, ila ujumbe ukiingia katikati ya sentensi, sentensi hiyo hairudi.
- Meza au sakafu safi yenye nafasi ya kutandaza kadi.
- Dakika 15 ambazo hakuna atakayekuita.

Mishumaa, ubani, kitambaa cha hariri: ukivipenda vitumie, usipokuwa navyo hukupungukiwa na kitu.

## Hatua ya 1: Chagua pakiti yenye watu ndani

Anayeanza anahitaji pakiti ambayo kila kadi ina tukio: mtu anafanya jambo, mahali fulani, katika hali fulani. Pakiti za mtindo wa Rider-Waite-Smith ziko hivyo. Ule wa asili ulitoka London mwaka 1909 ukiwa na michoro ya Pamela Colman Smith, na pakiti nyingi mno za leo zinafuata michoro yake. Mifano yangu yote hapa chini inatoka humo.

Pakiti za mtindo wa Marseille, ule wa zamani wa Ufaransa, ni nzuri, lakini kadi zake za namba zina vitu vitupu: vikombe saba vimepangwa, basi. Jicho la mgeni halina pa kushika.

Kabla ya kuchukua pakiti yoyote, tazama picha kumi hivi. Ukiona watu na unajikuta unajiuliza "huyu kafanya nini?", hiyo inakufaa. Ukiona mapambo tu, iache.

## Hatua ya 2: Zijue familia zake bila kukariri

Usikariri maana 78. Hapa ndipo wengi wanapochoka kabla hawajaanza.

Mwaga pakiti mezani, zipange. Kadi 22 ni kadi kuu: Mjinga, Malkia, Mfalme, Mkaapweke, Mnara, Kifo na wenzao. Zinazobaki ni 56, familia nne zenye kadi 14 kila moja: kuanzia ree hadi kumi, halafu Kijana, Askari wa Farasi, Malkia na Mfalme wa familia ile.

Na familia hizo unazijua tayari kama umewahi kucheza karata. Kopa, uru, pau na shupaza ni majina tuliyoyapokea kwa Kireno, na kwa Wareno yalikuwa na maana za wazi: vikombe, dhahabu, fimbo na panga. Ndizo familia nne za taroti. Yashike hivi:

- Vikombe (kopa): hisia, mapenzi, undugu, majonzi.
- Sarafu (uru): mwili, kazi, fedha, nyumba, vitu vinavyoshikika.
- Fimbo (pau): ari, kuanzisha jambo, ushindani, kuchoka kwa kujituma.
- Panga (shupaza): fikra, maneno, maamuzi, ugomvi, wasiwasi.

Sasa pitia kadi zote polepole. Weka pembeni tatu unazozipenda na tatu zinazokukera, kisha andika daftarini ni zipi na kwa nini, mstari mmojammoja. Ukurasa huu utauhitaji baada ya mwezi, usiuchane.

Umefaulu ukiweza kushika kadi yoyote na kusema inahusu eneo gani la maisha bila kufungua kijitabu. Hilo linatosha kabisa kuanza.

## Hatua ya 3: Tenga wakati uleule kila siku

Asubuhi kwa anayetaka kuipanga siku, usiku kwa anayetaka kuipitia. Chagua moja, uibadilishe baada ya wiki mbili kama haikufai. Siku ukikosa, imepita. Usivute kadi mbili kesho yake kufidia.

## Hatua ya 4: Tunga swali linalokuhusu wewe

Hii ndiyo hatua inayoamua kila kitu, kwa hiyo tulia hapa.

Swali bovu lina dalili tatu. Linaanza na "je" na linataka ndiyo au hapana. Linamhusu mtu ambaye hayupo chumbani. Au linauliza lini. "Je, atarudi?" lina dalili mbili kwa pamoja. "Nitapata kazi lini?" lina ya tatu. Maswali haya yanauma na yana haki ya kuulizwa, ila kipande cha karatasi chenye mchoro hakina jibu lake. Ukilazimisha, utasoma kadi nzuri kuwa "ndiyo" na kadi mbaya kuwa "vuta tena."

Swali zuri linaanza na nini, wapi au namna gani, na ndani yake yumo mimi, leo au wiki hii. Njia rahisi ya kulipata ni kuanza na swali bovu lililoko moyoni, uliandike bila aibu, halafu uligeuze.

"Je, atarudi?" linageuka kuwa "Ninakosa nini hasa tangu aondoke?" Mara nyingi jibu si yeye, ni mtu wa kuzungumza naye jioni, au namna ulivyokuwa unajiona ukiwa naye.

"Nitapata kazi lini?" linakuwa "Wiki hii naweza kufanya nini tofauti na wiki iliyopita katika kutafuta kazi?"

"Bosi wangu ananichukia?" linakuwa "Ninafanya nini mwilini na mdomoni ninapokuwa mbele ya bosi?"

Umeona? Jambo ni lilelile. Kilichohama ni mahali pa kusimama.

Siku usiyo na swali, tumia hili: "Leo nizingatie nini ambacho napita nacho bila kukiona?" Mimi nimelitumia mara nyingi kuliko maswali yote niliyotunga.

Onyo: usivute kadi kuchungulia moyo wa mwenzio. Hata ukisema unajitafakari, ukiuliza "anawaza nini juu yangu," utaondoka na hadithi uliyoitunga na kumtendea yeye kama vile aliisema.

Andika swali daftarini kabla ya kugusa pakiti. Likiwa kichwani tu, litabadilika lenyewe ukishaiona kadi.

## Hatua ya 5: Changa, kata, vuta moja

Pakiti mpya huja imepangwa kwa mfuatano, kwa hiyo usipoichanga vizuri utavuta majirani siku tatu mfululizo. Kadi nyingi za taroti zina upana wa karibu sentimita 7 na urefu wa 12, kubwa kuliko karata za kawaida, na viganja vidogo vinahangaika nazo. Dawa yake ni kuzitandaza kifudifudi mezani, kuzivuruga kwa viganja viwili kwa dakika moja, kisha kuzikusanya.

Kata, vuta ya juu. Mkono wowote.

Ikitoka kichwa chini, igeuze isimame. Wapo wanaosoma kadi zilizopinduka kwa maana nyingine, na ni utaratibu halali, lakini mwezi wa kwanza unakupa maana 156 badala ya 78 na unakurudisha kwenye kijitabu.

## Hatua ya 6: Tazama dakika tatu kabla ya kusoma neno lolote

Weka kijitabu chini ya kiti. Sisemi kwa mfano. Kiweke mbali na mkono.

Dakika ya kwanza, taja unachokiona kama unamsimulia mtu kwa simu. Nani yupo? Ameelekea wapi? Mikono inafanya nini? Kuna nini nyuma yake? Usitafsiri bado. "Ana huzuni" ni tafsiri. "Ameinamisha kichwa" ni unachokiona.

Dakika ya pili, angalia jicho lako lilitua wapi kwanza, na ni kitu gani umekiona mwishoni. Hicho cha mwishoni kina thamani yake.

Dakika ya tatu, jiulize: kwenye picha hii mimi ni nani? Usikimbilie mtu mkubwa wa katikati. Unaweza kuwa farasi. Unaweza kuwa nyumba ya mbali.

Nikuonyeshe ilivyokuwa kwangu. Kuna kipindi kazi ilinielemea, nikaandika: "Nini kinanichosha hivi?" Nikavuta Vikombe Vinne. Kijana ameketi chini ya mti, mikono ameikunja kifuani. Mbele yake nyasini kuna vikombe vitatu. Upande mmoja, mkono unatokea kwenye wingu ukimnyooshea kikombe cha nne.

Mara ya kwanza niliona kijana aliyechoka, nikataka kuandika "nimechoka" na kwenda zangu. Dakika ya pili nikaona ile mikono. Mtu aliyechoka huiachia mikono, huyu kaikunja. Na ule mkono wa winguni niliuona mwisho kabisa, kama alivyokuwa haoni yeye. Nikaandika: "Nani amenyoosha mkono wiki hii nami nikakunja wangu?"

Jibu lilikuja kabla sijamaliza alama ya kuuliza. Mwenzangu alikuwa amejitolea kuandika nusu ya ripoti. Nilimwambia, "Usijali, namalizia." Nilimwambia hivyo mara mbili.

Kijitabu kingenieleza kuhusu uchovu na kutoridhika, na kingekuwa sahihi, nami ningebaki na kile nilichokuwa nakijua. Uchovu nilikuwa nao. Nilichokuwa sikijui ni kwamba naulinda.

Utajua umefaulu katika hatua hii ukipata sentensi moja inayokufanya usite kuiandika. Kusitasita huko ni dalili nzuri, andika.

## Hatua ya 7: Sasa fungua kijitabu

Kisome kama unavyosikiliza maoni ya mtu mwenye busara asiyekufahamu. Chukua neno moja linaloongeza kitu kwenye ulichokiona. Lisipokuwepo, kifunge.

Sababu ya tahadhari hii ni ya kweli kabisa. Mwaka 1949 mwanasaikolojia Bertram Forer alichapisha matokeo ya jaribio alilowafanyia wanafunzi wake. Kila mmoja alipewa maelezo ya tabia yake na kuombwa ayape alama kuanzia 0 hadi 5 kwa usahihi. Wastani ulikuwa 4.26. Wanafunzi wote walikuwa wamepewa maelezo yaleyale, neno kwa neno.

Maelezo ya kadi yako hivyo pia. "Unapitia kipindi cha mabadiliko" inamfaa kila aliye hai. Ukihisi kijitabu kimekupatia barabara, jiulize: jirani yangu akisoma hii, atasema si yake? Kama naye atasema ni yake, rudi kwenye picha.

## Hatua ya 8: Andika mistari minne na tendo moja

Tarehe na swali. Kadi. Nilichokiona. Sentensi niliyosita kuiandika. Halafu tendo moja la kufanyika ndani ya saa 24, dogo kiasi cha kuaibisha. Baada ya Vikombe Vinne langu lilikuwa: "Nimpigie kabla ya saa nne, nimwambie achukue sehemu ya pili." Si "nijifunze kupokea msaada." Hilo la pili huwezi kulitia alama ya vema.

Kisha rudisha kadi, funga pakiti. Usivute tena kwa swali lilelile siku hiyo. Kadi ya pili haiji kufafanua ya kwanza. Inakuja kukuokoa na ile sentensi ngumu.

## Kadi zinazotisha

Siku itafika utavuta Kifo. Tazama kama unavyotazama nyingine: kiunzi cha mifupa chenye deraya juu ya farasi mweupe, bendera nyeusi yenye waridi jeupe, mfalme kalala chini, mtoto kapiga magoti, na kwa mbali jua kati ya minara miwili. Haitabiri msiba. Swali lake zuri ni: nini kimekwisha nami bado nakipanga kwenye ratiba?

Panga Kumi inaonyesha mtu kalala kifudifudi na panga kumi mgongoni, chini ya anga jeusi. Shuka hadi kwenye upeo wa macho uone ule mstari wa njano. Mnara unapigwa radi na watu wawili wanaanguka. Uliza ni jengo gani nililolijenga haraka. Panga Nane ina mwanamke aliyefungwa kitambaa machoni na kamba mwilini. Miguu yake haijafungwa. Wengi hawaioni miguu hiyo hadi mara ya tatu.

Kama kadi fulani inakupa hofu isiyopoa, itoe kwenye pakiti kwa mwezi mmoja. Hakuna sheria inayovunjwa.

## Orakeli inaingia wapi

Taroti ina mpangilio mmoja; orakeli haina. Kila mtengenezaji anaamua idadi ya kadi, picha na maneno. Kadi nyingi za orakeli zina neno kubwa chini: Subira, Mpaka, Samehe. Uzuri wake ni wepesi, na mtego wake ni huohuo, kwa sababu neno linafikiri badala yako.

Kwa hiyo vuta kadi, funika neno kwa kipande cha karatasi, fanya dakika zako tatu kwa picha peke yake, kisha uandike neno ambalo wewe ungeliweka pale. Funua. Tofauti kati ya neno lako na lao ndiyo ya kuandikia siku hiyo. Wao wakiandika "Subira" na wewe ulikuwa umeandika "Kuchelewa," una ukurasa mzima mbele yako.

Mimi huitumia orakeli siku ambazo nimechoka mno kwa mikono, vikombe na panga.

## Hatua ya 9: Mapitio ya wiki na ya mwezi

Mara moja kwa wiki soma kurasa saba bila kuvuta kadi. Hesabu matendo uliyoyafanya. Chini ya matatu kati ya saba, yalikuwa makubwa mno; yapunguze.

Utakuta kadi zinajirudia, na hapo moyo hushtuka. Piga hesabu kwanza. Ukivuta moja kwa siku na kuirudisha, siku 11 zinatosha kufanya uwezekano wa kadi yoyote ile kujirudia uvuke nusu. Kwa siku 30 ni karibu hakika. Vilevile kadi kuu ni 22 kati ya 78, kwa hiyo kuziona zaidi ya mara moja katika kila siku nne ni kawaida. Kujirudia kwa kadi hakuna ujumbe. Kujirudia kwa sentensi zako kunao: piga mstari kila mahali ulipoandika jambo lilelile kwa maneno tofauti.

Mwisho wa mwezi, fungua ule ukurasa wa kadi tatu ulizozipenda na tatu zilizokukera. Zipange upya bila kutazama majibu ya zamani, kisha linganisha.

## Baada ya siku 30: kadi tatu

Usitumie "jana, leo, kesho". Inakurudisha kwenye utabiri kwa mlango wa nyuma. Zipe nafasi hizi: ninachokiona, ninachokikwepa, ninachoweza kukifanya. Ziweke kwa mstari, uangalie nani anamtazama nani. Mtu wa kadi ya kwanza akimpa mgongo wa kadi ya pili, anzia hapo.

Mara moja kwa wiki yatosha. Tenga dakika 30.

## Wakati wa kuifunga pakiti

Ifunge kwa wiki mbili ukijikuta unavuta zaidi ya mara mbili kwa siku, au huwezi kutuma ujumbe wala kutoka nyumbani bila kuuliza kadi. Hapo kadi zimeacha kuwa kioo na zimekuwa kamba.

Uvimbe, deni, kesi na mkataba vina watu wake: daktari, mhasibu, wakili. Daftari litakusaidia kuandaa maswali ya kuwauliza, nenda nalo.

Na kama sentensi unazosita kuziandika zimeanza kuhusu kutotaka kuishi, acha kadi siku hiyohiyo. Mtafute mtu unayemwamini na mhudumu wa afya, umsomee ukurasa ule kwa sauti kama ulivyouandika.